Wasomi wa Mjini, Acheni Kuupa Ungo Dimensheni ya Tano

Nimerudi. Nilikuwa Kipili, kando ya Ziwa Tanganyika, wilaya ya Nkasi, mkoa wa Rukwa. Mlioulizia nimepotelea wapi, jibu ndilo hilo. Migebuka sikuleta, msininunie. Nimeleta hasira.

Hasira yenyewe imewaka hapa hapa Dar. Jioni ya kwanza baada ya kurudi nilikaa kijiweni na washikaji zangu, watu wenye digrii, wawili kati yao wana na za pili. Niliposema nimetoka Rukwa, kikaangushwa kicheko. "Umekuja kwa basi au kwa ungo?" Utani huo nimeshauzoea. Anayetoka Sumbawanga, hata aliyepita tu Sumbawanga kubadilisha basi, lazima aulizwe habari za ungo na radi. Lakini safari hii mmoja wao, tena mhandisi, akatoa simu akatuonyesha klipu ya mhubiri fulani, kisha akasema kwa uso mkavu kabisa: "Msicheke. Wanafizikia wenyewe wameshakubali kuna dimensheni kumi na moja. Wafipa walizigundua zamani, sisi ndio tumechelewa."

Meza nzima ikatikisa vichwa. Hakuna aliyepinga. Na mimi, aibu yangu, nilinyamaza, nikamaliza soda nikaondoka. Haya ninayoandika ndiyo niliyopaswa kuyasema pale pale.

Klipu ile nilikuwa nimeshaisikia. Niliisikia Kipili, usiku, ufukweni, nikiwa nangoja mitumbwi. Kijana mmoja alikuwa ameiweka kwenye simu yake kwa sauti ya juu. Mhubiri anasema wanasayansi wa Ulaya na Marekani wamegundua kwamba ulimwengu wetu umelala juu ya kitu kinachoitwa "breni", na kwamba pembeni yake kuna dimensheni nyingine ambako wachawi huingia na kutoka wapendavyo. Anasema hayo kwa maneno mazito, anataja na vyuo vikuu. Halafu anasema yeye ana mafuta ya kuufunga mlango huo. Mwisho wa klipu kuna namba ya kutuma pesa.

Kando yetu alikuwepo bibi mmoja anayebanika migebuka kwa moshi. Nilikuwa nimeshamwamkia, nikapewa na kigoda. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, hicho chombo kinasema nini?" Nikamweleza kama nilivyosikia. Akanyamaza kidogo, akageuza samaki wake, akauliza tena: "Kwa hiyo siku hizi hata wasomi wanasema ni kweli?"

Nilimtazama macho. Mekundu. Amekaa mbele ya moshi wa kuni miaka kuliko umri wangu mimi. Nanyi mnajua, kama ninavyojua, macho mekundu ya bibi kizee yana maana gani katika vijiji vingi vya nchi hii. Alinisimulia kwamba mwaka jana mtoto wa jirani aliugua, na kwa mwezi mzima watu wakawa wanapita mbele ya banio lake bila kununua. "Nikizima moto sina cha kuuza," alisema, "nikiuwasha, macho ndiyo haya."

Sasa mtaniambia ni utani tu wa mjini. Hebu tukumbushane. Februari 2013, katika mkoa huu huu wa Rukwa, watu wenye ualbino walivamiwa na kukatwa mikono, mmoja wao mtoto wa shule. Aliyeshika panga hakuwa na digrii, sawa. Lakini imani iliyomtuma ina walinzi wengi, na mlinzi wake bora kuliko wote ni msomi anayesema "sayansi nayo imethibitisha". Maneno hayo yanasafiri. Yanatoka kijiweni Sinza, yanaingia kwenye klipu, yanafika ufukweni Kipili, na yule bibi anayasikia akiwa amekaa mbele ya moto wake.

Na sayansi haijathibitisha kitu kama hicho! Tena nadharia hiyo hiyo mnayoiazima inasema kinyume chake. Tuingie darasani kidogo. Wanaojua warukie mbele.

Dimensheni ni nini? Ni idadi ya namba unazohitaji kumwelekeza mtu kitu kilipo. Mtumbwi ulio juu ya ziwa unahitaji namba mbili: kaskazini kiasi gani, magharibi kiasi gani. Nyavu iliyo chini ya mtumbwi inahitaji na ya tatu, kina. Ukitaja na saa ya kuonana, zimekuwa nne. Basi. Hakuna jini ndani yake, hakuna ahera, ni namba za kuelekezana njia.

Zaidi ya nne zatoka wapi? Chukua kamba ya nyavu. Ukiwa mbali unaona mstari tu, kwenda mbele au kurudi nyuma. Lakini sisimizi aliye juu ya kamba anaweza pia kuizunguka. Huo mzunguko ni dimensheni iliyojikunja, wewe huioni kwa sababu ni ndogo mno. Wazo hili ni la zamani. Theodor Kaluza alilichapisha mwaka 1921, na Oskar Klein akalifanyia marekebisho mwaka 1926. Baadaye wanaofanya kazi kwenye nadharia ya nyuzi wakakuta hesabu zao zinadai dimensheni kumi, na toleo jingine kumi na moja. Zinadai, nasema. Hazijaonekana.

Na hiyo "breni"? Ni kipande tu cha neno la kigeni lenye maana ya utando. Kwa hiyo mimi nitasema utando, nikiwa na zaidi ya mmoja nitasema tando. Kiswahili kilikuwa nalo muda wote, mhubiri hakuhitaji kulificha.

Nadharia ya tando nawapa kwa mfano wa ziwa lenyewe. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani baada ya Baikal kule Urusi. Lakini dagaa na migebuka wote wanaishi katika tabaka la juu. Ukishuka zaidi ya mita mia mbili na kitu, maji hayana oksijeni, na samaki hakuna. Maisha yote ya ziwa lile, ugomvi wote wa wavuvi, bei zote za sokoni, yako kwenye tabaka jembamba juu ya kilindi kisichokaliwa na samaki hata mmoja. Sasa fikiria ulimwengu wetu wote, nyota na galaksi zake, ni kama tabaka hilo: utando wenye dimensheni tatu za mahali, ndani ya nafasi pana zaidi yenye dimensheni nyingi. Mfano una kasoro moja: dagaa aliyechanganyikiwa anaweza kuzama akafia chini. Sisi hata kuzama hatuwezi.

Kwa nini hatuwezi? Katika nadharia ya nyuzi, chembe za maada na za nuru ni kama nyuzi zenye ncha mbili, na ncha hizo zimenasa kwenye utando. Zinaweza kuteleza juu yake, haziwezi kuuacha. Chembe ya mvutano, ile nguvu inayoangusha embe, ni uzi uliofungwa kama pete. Hauna ncha ya kunasia. Hivyo mvutano peke yake ndio unaoweza kuvujia nje.

Mnaona kilichotokea hapo? Ungo umetengenezwa kwa mianzi au matete. Ni atomu. Mchawi ni nyama na mifupa. Ni atomu. Taa anayozima kabla ya kuruka ni nuru. Vyote vimenasa! Kinachoruhusiwa kutoka ni mvutano tu, yaani nguvu ile ile itakayomwangusha mtu aliyepanda ungo. Kama nadharia ya tando ni kweli, basi safari ya ungo kupitia dimensheni ya tano ndiyo safari ya kwanza kupigwa marufuku.

Na mlango wenyewe ungekuwa na upana gani? Mwaka 1998 Nima Arkani-Hamed, Savas Dimopoulos na Gia Dvali walipendekeza kwamba dimensheni za ziada zinaweza kuwa kubwa hadi kufikia kama milimita moja. Walikuwa wanajaribu kujibu swali la maana sana: kwa nini mvutano ni dhaifu hivi? Sumaku ndogo uliyoitoa kwenye spika iliyokufa inanyanyua msumari, wakati dunia nzima inauvuta msumari huo huo chini na inashindwa. Jibu lao: mvutano si dhaifu, umegawanyika, sehemu kubwa imevujia nje ya utando. Wazo zuri. Basi watu wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, wakatengeneza mizani ya kupima mvutano kati ya vitu vilivyokaribiana kuliko unene wa karatasi. Wakapima, wakasogeza, wakapima tena, kwa miaka. Matokeo yao ya mwaka 2020 yanasema dimensheni ya ziada ya aina hiyo, kama ipo, lazima iwe chini ya maikromita 30. Hiyo ni chini ya unene wa unywele mmoja wa kichwani. Ungo upite hapo?

Sasa tuje kwenye ulimwengu mzima, maana hapo ndipo tando zilipoleta makubwa, na hapo ndipo penye stori ambayo sisi waandishi wa nchi hii tumeilalia.

Mwaka 2001 wanafizikia wanne, Justin Khoury, Burt Ovrut, Paul Steinhardt na Neil Turok, walichapisha wazo kwamba Mlipuko Mkuu haukuwa mwanzo wa kila kitu. Walisema kulikuwa na tando mbili zilizotenganishwa na dimensheni moja ya ziada. Zikasogeleana, zikagongana, na joto la kugongana huko ndilo tunaloliita Mlipuko Mkuu. Mwaka uliofuata Steinhardt na Turok wakaenda mbali zaidi: tando hugongana, huachana, hurudiana, kila mzunguko ukichukua labda miaka trilioni au zaidi. Wazo lenyewe lilianza kupata sura mwaka 1999 baada ya mhadhara kule Cambridge, watatu wao wakiwa kwenye treni kwenda London kuangalia mchezo wa kuigiza. Watu wa kawaida, ndani ya treni, wanabishana.

Huyo Neil Turok ni nani? Alizaliwa Johannesburg mwaka 1958. Wazazi wake, Ben na Mary Turok, walikuwa wapigania uhuru wa ANC. Baba alifungwa miaka mitatu na serikali ya makaburu. Alipotoka, familia ikakimbilia Afrika Mashariki, Kenya kwanza, kisha TANZANIA. Mtoto akasoma Dar es Salaam, katika shule ya serikali, na yeye mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi mwalimu wake wa hapa alivyomwacha achore ramani, apime vitu, atengeneze mota za umeme. Baadaye wakahamia London, na mengine yanajulikana: profesa Cambridge, mkurugenzi wa Taasisi ya Perimeter ya Canada kuanzia mwaka 2008 hadi 2019, kisha Edinburgh.

Rudia kusoma aya hiyo. Mmoja wa watu waliofikiria kwamba ulimwengu umetokana na tando mbili kugongana alikuwa mtoto wa shule mjini kwetu, miaka ya 1960. Wangapi kati yenu mlikuwa mnajua? Na wangapi mnajua habari za ungo wa Sumbawanga? Haya.

Nilipeleka makala ya Turok kwa mhariri wa chombo kimoja, sikitaji. Akasoma, akasema nzuri, ila "wasomaji hawataelewa". Akaniomba kwa kuwa nilikuwa naelekea Rukwa nimletee kitu cha uchawi, "hicho kinauza". Huyo ni msomi. Ana vitabu ofisini. Naye, kama mhubiri, amepiga hesabu kwamba hofu inalipa kuliko maarifa.

Najua pingamizi linalokuja, maana nimeshalisikia: "Lakini hao wanafizikia nao si wanaamini vitu wasivyoviona? Tofauti yao na mganga ni nini?" Swali zuri, nalijibu bila kupaka rangi.

Tofauti ni kwamba wao wanaeleza mapema ni nini kitakachowaumbua. Chukueni tando zile zile. Hesabu zinazofuata kazi ya Lisa Randall na Raman Sundrum ya mwaka 1999 zinaonyesha kwamba, maada ilipokuwa imesongamana mno pale mwanzoni, ulimwengu wa utando ungetanuka kwa kasi kuliko nadharia ya Einstein inavyosema. Sasa, heliamu nyingi iliyopo ulimwenguni ilipikwa katika dakika chache za mwanzo, na kasi ya kutanuka ikibadilika, kiasi cha heliamu kinabadilika. Kiasi hicho tumekipima: takriban robo ya uzito wa maada ya kawaida. Kwa hiyo athari ya utando lazima iwe imekwisha kabla ya dakika hizo. Ikizidi, nadharia imekufa, na hakuna mafuta ya kuifufua.

Mwaka 1998 iligunduliwa kwamba kutanuka kwa ulimwengu kunaongezeka kasi. Mwaka 2000 Dvali, Gregory Gabadadze na Massimo Porrati wakatoa mfano mwingine wa utando ambamo mvutano huvuja katika umbali mkubwa sana, na wenzao wakauona unaweza kueleza ongezeko hilo. Ulikuwa mfano wa kuvutia. Vipimo vya galaksi na vya nuru ya kale ya ulimwengu vikaja, na mfano huo kama maelezo ya ongezeko la kasi ukashindwa. Ulishindwa hadharani, kwenye majarida, majina ya wenyewe yakiwa juu.

Tarehe 17 Agosti 2017 mitambo ya Marekani na Italia ilinasa mawimbi ya mvutano ya nyota mbili za nyutroni zilizogongana umbali wa miaka ya nuru kama milioni 130. Sekunde 1.7 hivi baadaye ikafika miale ya gama. Kama mvutano ungekuwa unavuja njiani kuingia dimensheni nyingine, mawimbi yale yangefika yakiwa hafifu kuliko umbali huo unavyodai. Watafiti wakalinganisha. Hapakuwa na dalili ya uvujaji. Dimensheni tatu za mahali na moja ya wakati zilitosha.

Na mgongano wa akina Turok? Wapinzani wao ni wale wa nadharia ya mfumuko (si wa bei, wa ulimwengu) inayosema ulimwengu ulivimba ghafla mno mwanzoni. Mfumuko wa aina nyingi ungeacha mawimbi ya mvutano yenye alama kwenye nuru ya kale. Mgongano wa tando hauachi alama inayoweza kuonekana. Turok alikuwa ameweka hadi dau na Stephen Hawking juu ya jambo hilo. Machi 2014 kundi la BICEP2, lenye darubini Ncha ya Kusini, likatangaza kwamba limeiona alama hiyo. Siku ile mgongano wa tando ulionekana umezikwa. Lakini wengine wakapima upya, na mwanzoni mwa 2015 ikaonekana kuwa sehemu kubwa ya alama hiyo ni vumbi la galaksi yetu wenyewe. Mpaka leo mawimbi hayo ya mwanzo hayajaonekana, na upimaji unaendelea.

Sasa sikilizeni hili, ndilo ninalolipenda kuliko yote. Je, Turok alishangilia na kujenga kanisa la tando? La! Tangu mwaka 2018 yeye na wenzake wamekuwa wakiandika juu ya picha nyingine kabisa, ambamo upande wa pili wa Mlipuko Mkuu kuna ulimwengu kama kivuli cha wetu kwenye kioo, na dimensheni za ziada hazihitajiki. Mashine kubwa ya LHC, iliyoanza kazi mwaka 2008, haijaona hata chembe moja ya kuzithibitisha. Basi mwenye wazo akatafuta wazo jepesi zaidi. Nitajieni mganga mmoja, mhubiri mmoja wa mafuta, aliyesimama mbele ya watu akasema: nilipima, sikuona, nimeacha. Mmoja tu.

Pingamizi la pili: "Unadharau ujuzi wa Mwafrika, umelewa uzungu." Hapo ndipo mnaponichosha kabisa. Ujuzi wa Wafipa mnaoujua ninyi ni ungo peke yake? Wafipa walikuwa wayeyushaji wa chuma mashuhuri. Walijenga malungu, tanuru za udongo ndefu kuliko mtu, zilizovuta upepo zenyewe bila mivuo, kisha wakasafisha chuma chao katika tanuru ndogo, kintengwe. Walifanya hivyo hadi karne ya 20. Ndiyo, waliweka na dawa, na walikuwa na miiko yao, siwafichi. Lakini mwisho wa siku tanuru ndiyo ilikuwa hakimu. Udongo ukikosewa, mkaa ukipungua, chuma hakitoki, na hakuna hotuba itakayokitoa. Hiyo ndiyo fizikia. Anayemheshimu Mfipa asimulie malungu. Anayemheshimu atakumbuka pia kwamba wazee watakwambia jina Sumbawanga lenyewe ni amri: tupa uchawi. Wao wameagizana kuutupa, ninyi mnawarudishia kila Ijumaa jioni mkiwa na bia mkononi!

Pingamizi la tatu ni la watu wema: "Mtoto wa Kipili anahitaji dawati, tando za nini?" Dawati ndiyo, tena jana. Lakini nani aliwaambia ni hiki au kile? Mtoto wa mkimbizi alipewa Dar es Salaam mwalimu mmoja aliyemwacha apime vitu, na wala haikuwa nchi tajiri wakati ule. Mwaka 2003 Turok alianzisha taasisi ya sayansi za hisabati ya Afrika, AIMS, kule Muizenberg karibu na Cape Town, na mwaka 2008 akasema hadharani kwamba anatamani Einstein ajaye atoke Afrika. Mwaka 2014 Tanzania nasi tukapata kituo chetu, kikianzia Bagamoyo. Leo ukisoma orodha ya vituo vya AIMS utakuta Afrika Kusini, Senegal, Ghana, Cameroon na Rwanda. Tanzania haimo. Kijiweni hamkulia. Redioni sikusikia mjadala. Kama ungo ungeanguka Bagamoyo, picha zingejaa kwenye simu zenu kabla ya saa sita mchana.

Ndiyo maana siwalaumu wa Kipili. Yule kijana mwenye simu ana kiu ya kujua, ndiyo sababu alikuwa akisikiliza klipu kuhusu mwanzo wa ulimwengu saa nne za usiku wakati wenzake wanakarabati nyavu. Nilipomchorea kamba na sisimizi mchangani, aliuliza swali ambalo mhandisi wetu hakuliuliza: "Hiyo dimensheni wamepimaje?" Kijana wa ufukweni! Alipoteza muda wake kwa mhubiri kwa sababu mhubiri alijisumbua kumwongelesha kwa Kiswahili, na sisi hatukujisumbua. Fizikia tumeifungia kwenye Kiingereza, Kiswahili tumemwachia muuza mafuta.

Na bibi nilimjibu nini? Nilimwambia, "Hapana bibi, wasomi hawajasema hivyo. Wanaosema hivyo wanadanganya." Akacheka kidogo. "Basi uwaambie na hao wa mjini," alisema, "maana huku hawatakusikiliza wewe, watamsikiliza mwenye kitabu." Nimewaambia. Wenye vitabu ni ninyi.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja tu, wala halina gharama. Siku nyingine mtu akiwaambia sayansi imekubali uchawi, awe mhubiri, mhandisi au mhariri, muulizeni alivyouliza yule kijana: wamepimaje? Na mkisikia utani wa ungo, msinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.

Naomba kutoa hoja. Mnaopinga karibuni, ila mje na vipimo.